Wanagombea zabuni, wanaungana kwenye kanuni: vyama vya wakandarasi wa serikali nchini Marekani vinafanya nini hasa?

Kila serikali ya Marekani inapofunga shughuli kwa kukosa bajeti, au Rais anapotia saini amri mpya kuhusu ununuzi wa umma, huwa kuna sentensi moja inayopita haraka kwenye taarifa za habari: chama fulani cha wakandarasi kimetoa tamko la kupinga, au kimeandika barua kwa Bunge. Msomaji hubaki na maswali. Chama hicho ni cha nani? Kinatafuta zabuni? Kinapata wapi ujasiri wa kuibana serikali ileile inayowalipa wanachama wake? Wapo wanaoamua kwamba hiyo ni rushwa iliyohalalishwa. Wapo wanaoona ni jambo dogo la kiofisi lisilomhusu mwananchi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na kosa lenyewe si dogo, kwa sababu linatufanya tuangalie mlango ambao hakuna anayepita.

Tuanze na mkandarasi. Neno hili hutumika sana kwa mjenzi wa barabara na majengo, lakini katika mada hii linabeba zaidi ya hapo. Mkandarasi wa serikali ni kampuni yoyote inayoiuzia serikali bidhaa au huduma kwa mkataba: anayetengeneza ndege za kivita, anayesafisha korido za wizara, anayeandika programu za kompyuta za idara ya kodi, anayelinda lango la makumbusho. Serikali kuu ya Marekani ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani. Katika mwaka wa fedha wa 2023 iliingia mikataba ya takriban dola bilioni 759.

Chama cha wafanyabiashara ni shirika lisilogawana faida, linaloanzishwa na kampuni za sekta moja na kuendeshwa kwa ada zao. Si chama cha wafanyakazi, maana wanachama wake ni waajiri. Wala si chama cha siasa, maana hakisimamishi mgombea. Kwa wakandarasi wa Marekani vipo vingi, na vingine ni vya zamani. Associated General Contractors of America, cha wajenzi, kilianzishwa 1918. Aerospace Industries Association, cha watengenezaji wa ndege na vyombo vya anga, kina mizizi ya mwaka 1919. National Defense Industrial Association kilizaliwa 1997 baada ya vyama viwili vya sekta ya ulinzi kuungana. Professional Services Council kinakusanya mamia ya kampuni zinazouza utaalamu na teknolojia kwa serikali.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kampuni hizi ni mahasimu. Leo zinagombea mkataba mmoja, kesho zinashtakiana. Zinakaaje meza moja? Fikiria ligi ya mpira. Timu zinapigana uwanjani dakika tisini, lakini viongozi wao hukaa pamoja kuzungumza na shirikisho kuhusu ratiba, ada za usajili na kanuni za nidhamu, kwa sababu mambo hayo yanazigusa zote. Chama cha wakandarasi kiko kwenye kikao hicho cha viongozi. Uwanjani hakiingii.

Na kisheria hakiwezi kuingia hata kingetaka. Kampuni ikiona imenyimwa zabuni kwa njia isiyo ya haki, inaweza kupeleka malalamiko GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge, ambayo hutoa uamuzi ndani ya siku 100. Lakini mwenye haki ya kulalamika ni aliyeomba zabuni hiyo au aliyekuwa na nafasi halisi ya kuiomba. Chama hakikuomba chochote, kwa hiyo hakina nafasi katika shauri hilo. Anayesema "wamejiunga na chama ili wapewe zabuni" hajui zabuni zinavyotolewa. Tena washindani wanapokutana, sheria ya ushindani huria ya mwaka 1890 iko nao chumbani: kupanga bei, kugawana wateja au kukubaliana nani ashinde zabuni ipi ni jinai, na watu hufungwa kwa kosa hilo. Ndiyo maana vikao vya vyama hivi huwa na wanasheria wanaozuia mazungumzo yasielekee huko.

Basi kama si zabuni, wanapigania nini?

Sentensi moja kwenye kitabu cha kanuni

Tangu tarehe 1 Aprili 1984, ununuzi wa serikali kuu ya Marekani unaongozwa na kitabu kikubwa cha kanuni kinachojulikana kwa kifupi kama FAR. Wizara ya Ulinzi ina nyongeza yake juu ya hicho. Humo ndimo mlimoandikwa mkandarasi alipwe lini, nani abebe hasara gharama zikipanda, michoro na programu vibaki mali ya nani, kumbukumbu gani zitunzwe na kwa miaka mingapi, na serikali ikivunja mkataba katikati itamlipa nini mtu aliyekwisha kununua vifaa. Sheria ya 1982 ya malipo kwa wakati, kwa mfano, inaitaka serikali kwa kawaida ilipe ndani ya siku 30 baada ya kupokea ankara sahihi, na ikichelewa ilipe riba. Kwa kampuni ndogo isiyo na akiba, sheria hiyo ina thamani kuliko hotuba zote za kuunga mkono wafanyabiashara wadogo.

Sasa chukua sentensi moja katika kitabu hicho uibadilishe. Kila mkataba unaoibeba sentensi hiyo unabadilika. Hapo ndipo chama kinapofanya kazi yake halisi.

Kanuni mpya kwa kawaida huchapishwa kwanza kama rasimu katika gazeti la serikali, na umma hupewa muda wa kutoa maoni, mara nyingi siku 60. Chama huwauliza wanachama: kanuni hii itawagharimu nini, itakwama wapi, ni neno gani lina utata? Kamati ya wataalamu wa mikataba na wanasheria hukusanya majibu, hutafuta msimamo ambao wengi wanaukubali, kisha huandika barua. Barua nzuri huwa kavu. Inasema kifungu fulani kinakinzana na kifungu kingine, au kwamba muda wa miezi sita hautoshi kwa sababu hatua fulani pekee inachukua minne. Afisa wa serikali anayeandika kanuni mara nyingi hajawahi kuendesha kampuni, na barua ya namna hiyo humwonyesha asichokiona.

Mfano ni mpango wa Wizara ya Ulinzi uitwao CMMC, unaozitaka kampuni kulinda taarifa nyeti zilizo kwenye kompyuta zao. Mwaka 2020 wizara ilitoa kanuni ya muda yenye ngazi tano za usalama. Maoni zaidi ya 850 yalimiminika, na vyama vya wakandarasi vilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kwamba kampuni ndogo zingeshindwa kumudu gharama za kukaguliwa na watu wa nje. Novemba 2021 wizara ikatangaza mpango uliofanyiwa marekebisho: ngazi tatu, na kwa ngazi ya chini kampuni ijikague yenyewe. Masharti yake yalianza kuingizwa kwenye mikataba Novemba 2025. Unaweza kuliona hilo kama ushindi wa busara, na kwa sehemu naliona hivyo. Lakini tangu kanuni ya muda itoke mpaka masharti yaanze kuingia kwenye mikataba ilipita miaka mitano, na wadukuzi hawakusubiri.

Asilimia tatu

Kisa ninachokiona kinafundisha kuliko vingine ni cha kodi ya zuio ya asilimia 3.

Mwaka 2004 GAO iliripoti jambo la kukasirisha: wakandarasi zaidi ya 27,000 wa Wizara ya Ulinzi walikuwa wakidaiwa kodi zinazokaribia dola bilioni 3, huku serikali ikiendelea kuwalipa. Dawa ilionekana iko wazi. Mei 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyotaka serikali kuu, majimbo na serikali kubwa za mitaa zikate asilimia 3 ya malipo kwa watoa huduma na wauzaji, kabla fedha hazijawafikia. Makato yangehesabiwa kama kodi iliyolipwa mapema, na asiyedaiwa angerudishiwa baadaye. Utekelezaji ulipangwa kuanza 2011. Mtu aliyesoma habari hiyo kwa haraka angesema ni haki kabisa.

Vyama vya wakandarasi vilikuja na hesabu. Asilimia 3 ilikuwa ya malipo yote, si ya faida. Kampuni yenye mkataba wa dola milioni 10 na faida ya asilimia 2 hubakiwa na dola 200,000. Makato yangekuwa dola 300,000. Kampuni hiyo, isiyodaiwa hata senti, ingelazimika kukopa ili kulipa mishahara wakati fedha yake yenyewe iko serikalini ikisubiri msimu wa kurudishiwa kodi. Waliokwepa kodi walikuwa wachache. Makato yangemkamata kila mtu.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, lakini pekee isingetosha. Kilichovipa vyama nguvu ni washirika. Muungano wa zaidi ya vyama na taasisi 100 uliundwa, na ndani yake hawakuwamo wakandarasi peke yao. Serikali za majimbo na miji nazo zilipinga, kwa sababu ndizo zingelazimika kununua mifumo ya kukata na kuripoti makato hayo. Wizara ya Ulinzi yenyewe ilikadiria kwamba utekelezaji ungeigharimu zaidi ya dola bilioni 17 katika miaka mitano ya mwanzo, makadirio ambayo vyama viliyataja. Utekelezaji ukasogezwa hadi 2012, kisha hadi 2013. Oktoba 2011 Baraza la Wawakilishi likapiga kura ya kuifuta, 405 dhidi ya 16, na tarehe 21 Novemba 2011 Rais Barack Obama akatia saini. Sheria ikafa kabla ya kukata senti ya kwanza.

Watu hao wawili, Bush na Obama, hawakukubaliana kwa mengi. Chama kilichopanga hoja zake vizuri kilipita katikati yao, na katika Bunge lililokuwa limegawanyika vibaya, kikapata kura 405. Hakikuhitaji bahasha kwa hilo. Kilihitaji miaka mitano ya uvumilivu, hesabu inayoeleweka, na washirika ambao hakuna aliyewadhania.

Ila kisa hakiishii hapo, na sehemu inayofuata mara nyingi haisimuliwi. Kwenye vitabu vya bajeti, makato yaliyofutwa yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa kama mapato. Kuyafuta kulitengeneza pengo lililokadiriwa kuwa dola bilioni 11.2 katika miaka kumi, na pengo lazima lizibwe. Lilizibwa kwa badiliko la namna ya kukokotoa kipato cha mtu anayeomba msaada wa serikali wa bima ya afya: mafao ya uzeeni na ya ulemavu ambayo awali hayakuhesabiwa yakaanza kuhesabiwa, na hivyo baadhi ya watu wakapoteza sifa ya kupata msaada huo. Wakandarasi walikuwa na hoja nzuri. Gharama ya hoja hiyo ilimwangukia mtu ambaye hakuwa mwanachama wa chama chochote katika mjadala ule.

Na deni la kodi lililoanzisha yote? Halikuwa uzushi.

Bungeni na mahakamani

Kwa sekta ya ulinzi, njia kuu ya Bunge ni sheria ya kuidhinisha shughuli za ulinzi, ambayo imepitishwa kila mwaka kwa zaidi ya miaka 60. Kwa kuwa ni hakika itapita, kila mwenye jambo lake kuhusu ununuzi hujitahidi liingie humo. Wawakilishi wa vyama huonana na wasaidizi wa wabunge miezi kadhaa kabla, wakiwa na kifungu kilichokwisha andikwa. Msaidizi huyo pengine ana miaka 27 na mafaili ya mada kumi mezani. Mtu anayemletea maandishi yaliyo tayari, yenye maelezo na takwimu, amemrahisishia maisha. Ushawishi mwingi ni huo, na ndiyo sababu nasema una nguvu kuliko wanavyodhani wanaotafuta rushwa kila kona.

Njia ya mwisho ni mahakama. Mwaka 2014 Rais Obama alitoa amri iliyozitaka kampuni zinazoomba mikataba ya zaidi ya dola 500,000 zitaje makosa yao ya sheria za kazi ya miaka mitatu iliyotangulia. Wanaoiunga mkono walisema fedha za walipa kodi zisiende kwa mwajiri anayedhulumu. Vyama vya wakandarasi vilijibu kwamba amri ilihesabu hata tuhuma ambazo hazijaamuliwa hadi mwisho, na kwamba kampuni ingenyimwa kazi kwa jambo ambalo baadaye ingeshinda. Chama cha Associated Builders and Contractors na wenzake walifungua kesi Texas. Jaji alizuia sehemu kubwa ya kanuni hizo Oktoba 2016, siku moja kabla hazijaanza, na Machi 2017 Bunge likazifuta kabisa. Mimi naona hoja ya tuhuma zisizoamuliwa ilikuwa na uzito. Lakini kilichozuiwa ni pamoja na kutaja makosa yaliyokwisha thibitishwa, na hilo sijawahi kuona sababu ya kutosha ya kulificha.

Nani analipia?

Watu huuliza kama kampuni zinatumia fedha za mikataba kuishawishi serikali iwape masharti bora zaidi. Jibu fupi ni hapana, jibu kamili lina pande mbili. Marekebisho ya sheria ya 1989 yanakataza kutumia fedha zilizotengwa na Bunge kushawishi ili kupata mkataba au ruzuku. Kwa mikataba ambayo serikali hulipa gharama halisi za mkandarasi, gharama za ushawishi haziruhusiwi kuingizwa kwenye ankara. Mkandarasi wa serikali kuu pia haruhusiwi kuchangia wagombea wa ngazi ya taifa kutoka mfuko wa kampuni, ingawa mifuko ya hiari ya wafanyakazi na mameneja wake inaruhusiwa.

Lakini ada ya uanachama wa chama, ukiondoa ile sehemu ya ushawishi, ni gharama inayokubalika. Mikutano, mafunzo, uchambuzi wa kanuni, vyote vinaweza kuingia kwenye gharama ambazo mwishowe mlipa kodi anashiriki kuzibeba. Mpaka kati ya kuchambua kanuni na kuipinga ni mwembamba, na anayeuchora kwa kiasi kikubwa ni chama chenyewe.

Hoja ileile, matokeo tofauti

Hoja kuu ya vyama karibu kila mahali ni moja: punguzeni mzigo wa karatasi. Kwenye asilimia 3 ilisaidia. Kwenye bei za vipuri ilizaa jambo jingine.

Sheria ya 1962 inamtaka mkandarasi, pale ambapo hakuna ushindani wa kutosha, aonyeshe gharama zake halisi ili serikali isilanguliwe. Lakini sharti hilo huanza kwenye kiwango fulani cha thamani ya mkataba, na haliwahusu wauzaji wa bidhaa zinazohesabiwa kuwa za soko la kawaida. Vyama vimetetea kwa miaka mingi kupandisha kiwango hicho na kupanua maana ya bidhaa za soko. Mwaka 2018 kiwango kilipanda kutoka dola 750,000 hadi milioni 2.

Februari 2019 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi alitoa ripoti kuhusu vipuri vya ndege vilivyonunuliwa kutoka kampuni ya TransDigm, mikataba ya kabla ya kiwango kupandishwa. Kati ya vipuri 47 alivyochunguza, 46 vilikuwa na faida iliyozidi kiasi alichokiona cha haki. Faida hiyo ilianzia asilimia 17 na kufika asilimia 4,451. Jumla iliyozidi ilikuwa dola milioni 16.1, ambazo kampuni ilikubali kuzirudisha baada ya kuhojiwa na kamati ya Baraza la Wawakilishi. Kwenye ripoti hiyo naona jambo moja zito kuliko asilimia zote hizo: maafisa wa ununuzi walikuwa wamefuata taratibu. Mikataba mingi ilikuwa midogo kiasi cha kutofikia kiwango cha kudai hesabu za gharama. Kanuni ndiyo iliyowaacha mikono mitupu.

Kwa hiyo ukisikia chama kikisema kanuni ni mzigo, swali la kuuliza ni mzigo huo uliwekwa kumzuia nani, na ukiondolewa atafanya nini.

Na kuna wasiosikika kabisa. Serikali ilipofunga kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, watumishi wa umma walilipwa mishahara yao yote baadaye, kwa mujibu wa sheria. Wasafishaji, walinzi na wapishi walioajiriwa na wakandarasi katika majengo hayohayo hawakulipwa siku hizo, na miswada ya kuwafidia haikupita. Madai yao yalibebwa zaidi na vyama vya wafanyakazi. Sisemi vyama vya waajiri havijali. Machi 2020, janga la korona lilipoanza, Bunge liliruhusu idara kuwafidia wakandarasi kwa likizo ya malipo ya wafanyakazi walioshindwa kufika kazini na wasioweza kufanya kazi wakiwa nyumbani, na vyama vilipigania ruhusa hiyo iongezwe muda hadi ikafika Septemba 2021. Pale maslahi ya kampuni na ya mfanyakazi yanapokutana, chama ni mtetezi mzuri. Yanapoachana, mfanyakazi atafute mtetezi mwingine.

Hata kati ya wanachama wenyewe sauti hazilingani. Kampuni kubwa hulipa ada kubwa na hutuma wataalamu wengi kwenye kamati. Serikali ina lengo la kuelekeza asilimia 23 ya thamani ya mikataba mikuu kwa biashara ndogo, na linapozuka suala la kutenga zabuni kwa wadogo pekee, chama chenye wakubwa na wadogo kinajikuta hakina la kusema pasipo kuwaudhi nusu ya wanachama. Ukimya wake hapo una maana kama tamko lake kwingine.

Anayetaka kufuatilia haya hahitaji kumjua mtu ndani. Chini ya sheria ya 1995, wanaofanya ushawishi wa taifa hujisajili, na tangu 2008 huwasilisha taarifa kila robo mwaka zikionyesha kiasi kilichotumika, mada, na taasisi zilizoshawishiwa. Barua za maoni kuhusu rasimu za kanuni huwekwa kwenye tovuti ya serikali, za vyama na za watu binafsi, katika faili moja na kwa uzito uleule wa kisheria. Fungua faili la kanuni yoyote ya ununuzi na utaona barua ndefu za wanasheria wa vyama. Nafasi ya mwananchi kuandika yake iko palepale, kwa siku zilezile 60.